Jinsi ya kufuata safari ya mwanga wa galaksi za mbali katika ulimwengu unaotanuka: mwongozo kamili wa hesabu

Habari za galaksi za mbali karibu kila mara huja na sentensi moja: galaksi fulani iko umbali wa miaka ya nuru bilioni 13.5. Sentensi hiyo inachanganya mambo mawili. Bilioni 13.5 ni miaka ambayo mwanga umekuwa njiani. Galaksi yenyewe haikuwa mbali kiasi hicho mwanga ulipoondoka, na leo haiko hapo. Wakati ule ilikuwa umbali wa miaka ya nuru bilioni 2.2 hivi kutoka mahali ambapo galaksi yetu ingekuja kuumbika. Sasa hivi iko karibu bilioni 34.

Kwa hiyo kila galaksi ya mbali ina namba tatu: umbali wa siku ya kuondoka, muda wa safari na umbali wa leo. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuzipata zote mwenyewe. Hutahitaji darubini wala kompyuta kubwa, kikokotoo cha simu chenye kitufe cha kipeuo cha pili kinatosha. Hesabu ni za kujumlisha, kuzidisha na kugawanya. Ugumu, kama upo, ni wa kukubali kile ambacho majibu yanasema.

Kabla ya kuanza: namba za kuweka pembeni

Andika hizi kwenye karatasi, maana utazirudia mara nyingi:

- Kasi ya mwanga: kilomita 299,792 kwa sekunde.
- Kasi ya kutanuka kwa ulimwengu leo, yaani kigezo cha Hubble: kilomita 67.4 kwa sekunde kwa kila megaparseki. Megaparseki moja ni miaka ya nuru milioni 3.26.
- Sehemu ya maada katika ulimwengu, ya kawaida na ya giza (isiyoonekana) kwa pamoja: 0.315.
- Sehemu ya nishati ya giza, yaani ile inayofanya kutanuka kuongeze kasi: 0.685.

Namba hizi, ukiacha kasi ya mwanga, zimetokana na setilaiti ya Planck ya Shirika la Anga la Ulaya, ambayo matokeo yake ya mwisho yalitolewa 2018. Ukigawanya kasi ya mwanga kwa 67.4 kisha ukageuza kuwa miaka ya nuru, unapata bilioni 14.5. Namba hiyo 14.5 ndiyo itakayofanya kazi nyingi hapa: ukiitumia kwa umbali inasomeka miaka ya nuru bilioni, na ukiitumia kwa muda inasomeka miaka bilioni.

Kuna jambo la kuzingatia tangu sasa. Watafiti wanaopima kutanuka kwa kutumia nyota za Cepheid (ambazo mng'ao wake hupanda na kushuka kwa vipindi) na supanova (milipuko ya nyota) za karibu wanapata 73, na wala si 67.4. Tofauti hiyo ni ya asilimia 8 hivi, makadirio ya makosa ya pande zote mbili ni madogo kuliko pengo lenyewe, na wanafizikia bado wanabishana kuhusu chanzo chake. Kwa msomaji anayekokotoa, kanuni ni moja: chagua namba moja, itaje, na usiibadilishe katikati ya hesabu. Ukichagua 73, ile 14.5 inashuka hadi 13.4.

Hatua ya 1: Soma mistari ya mwanga upate z

Mwanga wa galaksi ukitawanywa rangi kwa rangi unatoa spektra, na ndani yake kuna mistari. Kila elementi ina mistari yake katika urefu wa wimbi unaojulikana kutoka maabara. Hidrojeni ina mstari mwekundu kwenye nanomita 656.3, mwingine wa buluu-kijani kwenye 486.1, na mmoja wenye nguvu sana kwenye 121.6, katika mionzi ya urujuanimno. Oksijeni iliyopoteza elektroni mbili hutoa mstari kwenye 500.7.

Katika galaksi ya mbali utakuta mistari ileile, ikiwa na uwiano uleule baina yake, lakini yote imehamia upande wa mawimbi marefu. Kupima kiasi cha uhamo huo ni kugawanya tu: urefu wa wimbi uliopimwa, gawa kwa urefu wa wimbi wa maabara. Jibu lake ni 1 + z. Ondoa moja, umepata z, ambayo wanafalaki huiita mhamo mwekundu.

Chukua mfano wa kihistoria. Mwaka 1963 Maarten Schmidt alikuwa na spektra ya kitu kilichoitwa 3C 273, iliyopigwa kwa darubini ya mita 5 ya Palomar huko Marekani. Mistari yake haikufanana na ya elementi yoyote mpaka alipotambua kwamba ni hidrojeni ya kawaida iliyosogezwa kwa asilimia karibu 16. Mstari wa 486.1 ulikuwa umefika 563. Gawa: 563 ÷ 486.1 = 1.158. Basi z ni 0.158. Kitu kilichofanana na nyota hafifu kikawa kwasari, kiini angavu cha galaksi ya mbali, kwenye umbali wa miaka ya nuru zaidi ya bilioni mbili.

Usiamini mstari mmoja. Mstari ulio peke yake unaweza kuwa wa elementi yoyote, na kila dhana itakupa z tofauti. Tafuta angalau miwili, kisha uone kama yote inatoa jibu lilelile. Tuseme umekuta mistari kwenye 729.2 na 751.1. Ukidhani ni ile ya 486.1 na 500.7, mgawanyo wa kwanza unatoa 1.50 na wa pili 1.50. Hapo una haki ya kuandika z = 0.5. Kama majibu yanapishana, dhana yako si sahihi na unaanza upya.

Kwa galaksi za mbali kabisa mistari huhama mpaka inatoka nje ya mwanga unaoonekana kwa macho. Galaksi ya JADES-GS-z14-0, iliyogunduliwa kwa darubini ya James Webb, ilithibitishwa mwaka 2025 na darubini za redio za ALMA kule Chile kwa kutumia mstari wa oksijeni. Kwenye maabara mstari huo uko maikromita 88.36 (maikromita moja ni nanomita 1,000). ALMA iliupata karibu na maikromita 1,341, yaani zaidi ya milimita moja. Gawa mwenyewe: 15.18. Hivyo z yake ni 14.18, na ndiyo galaksi niliyoitaja mwanzoni.

Ukitaka spektra za kufanyia mazoezi, mradi wa kupima anga wa SDSS umeweka mamilioni ya spektra mtandaoni bila malipo, na mradi mwingine wa namna hiyo, DESI, ulifungua mkusanyo wake mkubwa wa kwanza mwezi Machi 2025.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea. Sehemu ya z hutokana na mwendo wa galaksi yenyewe miongoni mwa majirani zake, mwendo ambao kwa kawaida ni wa kilomita mia kadhaa kwa sekunde. Andromeda, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5, kwa kweli inatukaribia: Vesto Slipher alipopima mistari yake mwaka 1912 aliikuta imesogea upande wa buluu. Galaksi zilizofungwa pamoja na graviti hazitanuliwi na ulimwengu, kama ambavyo nyota za galaksi moja hazitanuliwi. Kwa hiyo mbinu za hapa zitumie kwa galaksi zenye z ya kuanzia 0.02 hivi kwenda juu, ambako mwendo wa binafsi unakuwa mdogo ukilinganisha na wa kutanuka.

Hatua ya 2: Geuza z kuwa ukubwa wa ulimwengu

Hii ndiyo hatua fupi kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo nzuri kuliko zote. Gawa 1 kwa (1 + z). Jibu ni ukubwa wa ulimwengu mwanga ulipoondoka, ukilinganisha na leo.

Kwa z = 1, ulimwengu ulikuwa nusu ya ukubwa wa sasa: umbali wowote kati ya makundi mawili ya galaksi ulikuwa nusu ya ulivyo leo. Kwa z = 14.18, ulikuwa asilimia 6.6. Hukuhitaji kigezo cha Hubble, wala nishati ya giza, wala kujua umbali. Mwanga umekuja na kipimo hicho ndani yake.

Hilo linawezekana kwa sababu wimbi linasafiri katika nafasi ambayo yenyewe inatanuka. Nafasi ikiongezeka maradufu wakati wimbi liko njiani, umbali kati ya kilele kimoja cha wimbi na kinachofuata nao unaongezeka maradufu. Uhamo hautokei kwa mkupuo mmoja mwanzoni mwa safari, bali unajilimbikiza kidogo kidogo njia nzima.

Mwaka 1929 Fritz Zwicky alipendekeza maelezo mengine: huenda mwanga unachoka tu, unapoteza nishati kwa sababu ya urefu wa safari, na ulimwengu hautanuki. Ni pendekezo linalostahili kujibiwa kwa kipimo, na kipimo kipo. Kama nafasi inatanuka, basi kinachorefuka si wimbi peke yake. Pengo lolote kati ya ishara mbili lazima lirefuke kwa kiasi kilekile. Supanova za aina ya Ia hung'aa na kufifia kwa mpangilio unaojulikana vizuri. Supanova iliyo kwenye z = 1, ambayo kwa karibu ingefifia kwa mwezi mmoja, tunapaswa kuiona ikififia kwa miezi miwili. Mwanga uliochoka ungetupa mwezi uleule mmoja. Mradi wa Dark Energy Survey ulipima supanova takriban 1,500 na kutoa matokeo mwaka 2024: muda umerefuka kwa 1 + z, sawasawa na utabiri wa ulimwengu unaotanuka. Kwa hiyo unapotazama galaksi ya z = 14.18, unaitazama ikiishi polepole mara 15.

Hatua ya 3: Kwa galaksi za karibu, tumia njia ya mkato

Kama z haizidi 0.1, umbali ni z × 14.5, jibu likiwa katika miaka ya nuru bilioni. Galaksi yenye z = 0.02 iko miaka ya nuru milioni 290. Huu ndio uhusiano ambao Georges Lemaître aliuandika mwaka 1927 na Edwin Hubble akautangaza kwa vipimo mwaka 1929, na tangu 2018 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia unapendekeza uitwe kwa majina ya wote wawili.

Usiivute njia hii mbali. Kwa 3C 273 inatoa bilioni 2.29, wakati hesabu kamili inatoa 2.21, na tofauti hiyo bado inavumilika. Kwa z = 1 inatoa 14.5 badala ya 11.1, na hapo hailingani tena na ukweli.

Hatua ya 4: Pata umbali wa leo

Kasi ya kutanuka haikuwa ileile siku zote. Zamani maada ilikuwa imebanana, na kutanuka kulikuwa kwa kasi zaidi. Kwa hiyo lazima tujue kasi hiyo katika vituo mbalimbali vya safari. Kanuni ni hii:

E = kipeuo cha pili cha [0.315 × (1 + z)³ + 0.685]

E inakwambia kutanuka kulikuwa mara ngapi ya kutanuka kwa leo. Sasa tufanye z = 1 pamoja. Chukua vituo vitatu: mwisho wa safari (z = 0), katikati (z = 0.5) na mwanzo (z = 1).

Kwa z = 0: 0.315 + 0.685 = 1, kipeuo chake 1.
Kwa z = 0.5: 1.5³ ni 3.375. Zidisha kwa 0.315 upate 1.063, ongeza 0.685 upate 1.748. Kipeuo chake 1.322.
Kwa z = 1: 2³ ni 8. Zidisha upate 2.52, ongeza upate 3.205. Kipeuo chake 1.790.

Gawa 1 kwa kila E. Unapata 1, 0.756 na 0.559.

Sasa wastani. Kituo cha katikati kipe uzito wa mara nne: 1 + (4 × 0.756) + 0.559 = 4.583. Gawa kwa 6: 0.764. Zidisha kwa z, ambayo hapa ni 1, kisha kwa 14.5. Jibu ni 11.1. Galaksi ya z = 1 iko leo umbali wa miaka ya nuru bilioni 11.1.

Vituo vitatu vinatosha mpaka z = 1 au zaidi kidogo. Kwa z kubwa, kata safari vipande, mathalani kutoka 0 hadi 1, 1 hadi 2, 2 hadi 4, 4 hadi 8 na kuendelea. Kila kipande kifanye kwa njia hiyohiyo ukizidisha kwa upana wake, halafu jumlisha. Inachukua muda, lakini ukiifanya kwa mkono hata mara moja utaelewa kinachofanywa na vikokotoo vya mtandaoni, na utaweza kugundua pale vinapokupa jibu la umbali ambao hukuuliza.

Hatua ya 5: Pata umbali wa siku ya kuondoka na muda wa safari

Umbali wa siku ya kuondoka ni umbali wa leo gawa kwa (1 + z). Kwa mfano wetu: 11.1 ÷ 2 = 5.5.

Muda wa safari unatumia vituo vilevile vitatu, ila kila jibu la 1 ÷ E ligawe tena kwa (1 + z) ya kituo chake: 1, kisha 0.756 ÷ 1.5 = 0.504, kisha 0.559 ÷ 2 = 0.279. Wastani wa uzito uleule: 1 + 2.016 + 0.279 = 3.295, gawa kwa 6, unapata 0.549. Zidisha kwa 14.5: karibu 8.

Tazama namba tatu zikiwa pamoja. Mwanga uliondoka galaksi ikiwa umbali wa bilioni 5.5. Ulikuwa njiani miaka bilioni 8. Unafika leo galaksi ikiwa bilioni 11.1. Mwanga umetumia muda mrefu kuliko umbali wa mwanzo ulivyodai, kwa sababu njia iliyokuwa mbele yake iliendelea kurefuka. Galaksi nayo iko mbali kuliko mwanga ulivyosafiri, kwa sababu njia iliyobaki nyuma ya mwanga ilitanuka pia.

Jaribu mwenyewe kwa ile galaksi ya z = 0.5 ya Hatua ya 1, ukitumia vituo vya 0, 0.25 na 0.5. Majibu yako yawe karibu na haya: umbali wa leo 6.4, umbali wa kuondoka 4.2, muda wa safari 5.2. Kama umbali umetoka karibu 12.7, umesahau kuzidisha kwa upana wa 0.5.

Hatua ya 6: Chora njia ya mwale

Hapa ndipo jambo lenyewe linapojitokeza. Kila wakati, mwale wa mwanga unakuja kwetu kwa kasi ya mwanga, na wakati huohuo kutanuka kunausogeza mbali kwa kasi ya E × 67.4 kwa kila megaparseki iliyobaki kati yetu nao. Kinachoshinda kati ya viwili hivyo ndicho kinachoamua kama mwale unakaribia au unarudi nyuma.

Ifanyie hesabu JADES-GS-z14-0. Kwa z = 14.18, E ni karibu 33. Umbali wa kuondoka ulikuwa bilioni 2.2, sawa na megaparseki 680 hivi. Zidisha: 33.2 × 67.4 × 680 ni zaidi ya kilomita milioni 1.5 kwa sekunde, yaani mara tano ya kasi ya mwanga. Mwale ulielekezwa kwetu, ukasafiri kwa kasi yake kamili, na bado kila sekunde ulizidi kuwa mbali nasi kwa mara nne ya kasi hiyo.

Hili halivunji kanuni ya Einstein. Hakuna kitu kilichoupita mwanga mahali popote. Kila eneo ambalo mwale ulipita, ulipita kwa kilomita 299,792 kwa sekunde. Kilichokuwa kikubwa ni jumla ya nafasi iliyokuwa ikiongezeka katika umbali wote ule.

Basi ulifikaje? Mpiga makasia anayepanda mto wenye mkondo mkali kuliko nguvu zake hurudishwa nyuma, lakini mkondo ukilegea kabla hajachoka, husimama, kisha huanza kupanda. Mwanga hauchoki kamwe, na kutanuka kulilegea. Maada ilikuwa ikivutana, E ikashuka kutoka 33 hadi 2.5, na ikafika wakati kutanuka kulipolingana sawasawa na kasi ya mwale.

Huu hapa mchoro wa njia yake kwa namba:

| z | Umri wa ulimwengu (miaka bilioni) | Umbali wa mwale kutoka kwetu (miaka ya nuru bilioni) |
|---|---|---|
| 14.18 | 0.3 | 2.2 |
| 6 | 0.9 | 3.9 |
| 3 | 2.1 | 5.3 |
| 1.6 | 4.0 | 5.8 |
| 1 | 5.9 | 5.5 |
| 0.5 | 8.6 | 4.2 |
| 0.1 | 12.5 | 1.3 |
| 0 | 13.8 | 0 |

Chora safu ya tatu dhidi ya ya pili kwenye karatasi ya mraba. Utapata umbo la yai lililochongoka upande wa leo. Mwale ulirudishwa nyuma kwa miaka karibu bilioni nne, ukasimama kwenye umbali wa bilioni 5.8, ndipo ukaanza kukaribia.

Angalia pia mstari wa z = 1. Ni namba zilezile za galaksi tuliyoikokotoa kwenye Hatua ya 4 na 5. Mwale wa kale ulipita hapo wakati uleule galaksi ile ilipotoa mwanga wake, na tangu hapo vimesafiri bega kwa bega. Mwanga wote unaotufikia usiku mmoja kutoka pembe moja ya anga umepita njia hiyo moja. Tofauti ni kituo ambacho kila mmoja ulijiunga. Hata mnururisho wa maikrowevu, yaani mwanga wa kale kuliko wote tunaouona, ulioachiliwa miaka 380,000 baada ya Mlipuko Mkuu ulianzia kwenye njia hiyo, ukiwa umbali wa miaka ya nuru milioni 42 tu. Maada iliyouachilia sasa iko zaidi ya bilioni 45.

Hatua ya 7: Kadiria mng'ao na ukubwa

Kwa mng'ao, zidisha umbali wa leo kwa (1 + z). Galaksi ya z = 1 inaonekana hafifu kana kwamba iko bilioni 22. Sababu ni mbili: kila fotoni, yaani chembe ya mwanga, imepoteza nusu ya nishati yake, na idadi ya fotoni zinazofika kila sekunde ni nusu ya zilivyotolewa.

Kwa ukubwa unaoonekana, tumia umbali wa siku ya kuondoka, maana pembe kati ya miale ya kingo mbili iliwekwa siku hiyo. Rudi kwenye jedwali: umbali huo unakua mpaka z = 1.6, kisha unapungua. Kwa hiyo galaksi mbili zenye kipenyo sawa, moja kwenye z = 1.6 na nyingine kwenye z = 6, ile ya mbali zaidi ndiyo itakayoonekana pana zaidi. Ni pana lakini imefifia mno, kwa kuwa mng'ao wa kila kipande cha sura yake unapungua kwa (1 + z) mara nne mfululizo. Ndiyo maana darubini ya Webb ilijengwa na kioo cha mita 6.5 na vifaa vya infraredi.

Hatua ya 8: Hesabu kilichokutana na mwanga njiani

Nafasi kati ya galaksi si tupu kabisa. Katika miaka bilioni moja ya kwanza ilijaa hidrojeni isiyo na chaji, ambayo humeza mionzi ya nanomita 121.6 na pungufu. Kwa JADES-GS-z14-0 zidisha 121.6 kwa 15.18: spektra yake inapaswa kukatika karibu na maikromita 1.85, na ndivyo ilivyo. Ukiona galaksi iko kwenye picha za mawimbi marefu na imetoweka kabisa kwenye picha za mawimbi mafupi, mkato huo ndio wa kushuku kwanza.

Baadaye hidrojeni iliyosalia ilibaki mawingu mawingu. Kila wingu linachonga mstari wake mweusi kwenye 121.6 ya mahali lilipo, na mstari huo unatanuka pamoja na mwanga wote kuanzia hapo. Spektra ya kwasari ya mbali huwa na mamia ya mistari ya namna hiyo. Igawe kila mmoja kwa 121.6, umepata orodha ya mawingu na z zao.

Halafu kuna graviti. Kundi kubwa la galaksi likikaa katikati ya njia, linapinda miale na kuipitisha njia zaidi ya moja, zenye urefu tofauti. Novemba 2014 supanova iliyopewa jina la Refsdal ilionekana katika picha nne kwa mpigo nyuma ya kundi la MACS J1149. Watafiti walikokotoa kwamba mwanga uleule ulikuwa bado njiani kupitia upande mwingine wa kundi, wakaelekeza darubini ya Hubble mahali walipopataja. Desemba 2015 supanova ikaonekana tena. Kucheleweshwa huko kunategemea kigezo cha Hubble, na Sjur Refsdal alikuwa amependekeza kukipima kwa njia hiyo tangu 1964.

Hatua ya 9: Pima kama mwanga wa leo utatufikia

Mkondo ulilegea, lakini haukuendelea kulegea kwa namna ileile. Mwaka 1998 timu mbili zilizopima supanova ziligundua kwamba kutanuka kunaongeza kasi. Tokeo lake ni mpaka: mwanga unaoondoka leo kutoka umbali unaozidi miaka ya nuru bilioni 16 na nusu hivi hautatufikia, hata tukingoja milele.

Chukua umbali wa leo uliopata kwenye Hatua ya 4 na uulinganishe na mpaka huo. Galaksi ya z = 1, kwenye 11.1, iko ndani, na mwanga inaoutoa leo utafika siku moja. Galaksi yoyote yenye z inayozidi 1.8 hivi tayari iko nje. JADES-GS-z14-0 iko mara mbili ya mpaka. Ilivuka mpaka huo wakati ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka bilioni tatu na kidogo. Tutaendelea kupokea mwanga ilioutoa kabla ya hapo, ukija polepole zaidi na ukiwa mwekundu zaidi, na mtazamaji yeyote wa upande huu, katika zama zozote, ataiona ikikua mpaka umri huo tu.